Kibali cha Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Dereva alipiga magoti kwenye uwanja wa chama cha wakulima, akapenyeza mkono chini ya trekta na kuvuta kopo. Lilikuwa kopo la siagi lililofutika maandishi, na ndani yake mlikuwa na oili iliyodondoka usiku kucha, tone kwa tone. Alilitazama, akalinusa, akafungua kifuniko cha kujazia na kuirudisha oili yote ilikotoka. Hapo ndipo alipokwenda kujimwagia maji. Kazi hiyo alikuwa ameizoea kiasi kwamba hakuiona ajabu tena. Wengine wanakamua ng'ombe, yeye anakamua trekta.

Trekta lenyewe liliitwa Shangazi. Lilibandikwa jina hilo kwa sababu lilinung'unika tangu kuwashwa hadi kuzimwa, umri wake hakuna aliyethubutu kuutaja, na ukiligusa pasipotakiwa lilikuchoma. Kiti chake kilikuwa gunia lililokunjwa. Taa moja ilitazama mbele na nyingine ilitazama mbinguni. Lakini Shangazi akishusha plau, udongo unageuka, na hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Wakulima wote wa chama walimtegemea yeye, kwa sababu mwingine hawakuwa naye.

Sasa wakubwa walikuwa wamezuka na amri mpya: chombo chochote kinachovuja oili kisikanyage barabara. Mkaguzi angefika leo leo na katoni lake jeupe, alitandike chini ya injini, asubiri. Tone likianguka, basi, chombo kinalala. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa milimani.

Wengine waliogopa kukosa kulima. Dereva aliogopa hilo pia, lakini yeye alikuwa na lake zaidi, nalo lilikuwa mke wake.

Msimu uliopita alimwahidi mama mkwe kwamba shamba lake litalimwa la kwanza. Aliahidi mbele za watu, tena kwa kujipiga kifua. Kumbe Mwenyekiti wa chama naye alikuwa na shamba, tena kubwa, na neno la Mwenyekiti halikuwa na foleni. Mvua ikanyesha Shangazi akiwa bado anazunguka kwa Mwenyekiti. Mama mkwe akalima kwa jembe la mkono, mgongo ukamgomea, akalazwa kitandani kama mzigo. Mama Pacha, mkewe Dereva, alifunga nguo zake, akawashika pacha wake mkono huku na huku, akaenda kumuuguza mama yake.

"Siku nitakayosikia Shangazi ananguruma shambani kwa mama, siku hiyo nitarudi," alisema mlangoni. "Kabla ya hapo usinitumie mtu."

Dereva alituma watu hata hivyo. Alimtuma kaka yake, akamtuma jirani, akamtuma hata fundi cherehani mwenye maneno matamu. Wote walikaribishwa, wakala, wakarudi wameshiba na bila jibu. Mwaka huu Mwenyekiti hakuwa na neno, maana shamba lake alikwisha kulilimisha kwa trekta la kukodi. Kwa hiyo kilichobaki kati ya Dereva na mkewe kilikuwa tone la oili.

Tone hilo lilitoka kwenye bolti ya chini ya injini, ile inayofunguliwa kumwaga oili chakavu. Kosa halikuwa la bolti. Kosa lilikuwa la washa, kile kipete chembamba cha shaba kinachokaa katikati ya bolti na injini ili kuziba. Kilikuwa kimelika na kupasuka. Kitu chenyewe hakizidi kifungo cha koti.

"Nataka washa ya bolti ya oili," Dereva alimwambia muuza vipuri, aliyekuwa amekaa nyuma ya wavu wa chuma kama mtu aliyefungwa kwa makosa yake mwenyewe.

"Haiuzwi peke yake, kaka. Inakuja na seti nzima ya gasketi."

"Lakini mimi navuja mahali pamoja tu!"

"Wewe au trekta?"

"Trekta, bwana!"

"Basi chukua seti. Zilizobaki utaweka, maana kwingine nako kutavuja. Unalijua trekta lako."

Bei iliandikwa kwa chaki kwenye ubao. Dereva aliisoma, akaisoma tena, akawa anaitazama kwa matumaini kwamba labda tarakimu moja imeongezwa kwa bahati mbaya. Akiwa bado anaitazama, simu ya muuza vipuri ikalia. "Eeh," alisema muuza vipuri. "Eeh. Tena? Juzi si ilipanda? Haya." Akaweka simu chini, akalamba kidole gumba, akafuta bei na kuandika nyingine, ndefu zaidi.

"Ungekata shauri mapema," alisema kwa huruma ya kweli.

"Ile ya kwanza ilikuwa inanishinda," Dereva alijibu. "Hii inanicheka."

Alirudi uwanjani akiburuza miguu. Alikaa kwenye tairi la Shangazi, akashika tama. Ndipo macho yake yalipoangukia kidole chake.

Pete yake ya ndoa ilikuwa ya shaba. Siku ya harusi alisema ni dhahabu nyekundu, ya aina ya pekee, watu wengi hawaijui. Ukweli ni kwamba fundi bati aliifua kutokana na waya mnene wa mota iliyoungua. Mama mkwe aliikwaruza kwa ukucha mbele ya wageni, akasema "Mh," basi. Wiki haikuisha kidole kikawa kijani. Kila Jumamosi Mama Pacha alimkalisha mumewe kwenye mkeka, akamsugua kidole kwa ndimu mpaka kikang'aa, na hakuwahi hata siku moja kulitaja neno dhahabu. Tangu aondoke, kidole kilikuwa kijani tupu.

Dereva alitazama pete, akatazama bolti. Akatazama tena pete.

"Astaghafiru," alijiambia. "Hapana."

Kisha akasema, "Lakini."

Pete haikutaka kutoka. Alijaribu maji, akajaribu sabuni, akavuta kwa meno mpaka machozi yakamlenga. Mwisho alichovya kidole kwenye kopo la siagi, na oili ya Shangazi ikafanya ilichoshindwa sabuni: pete iliteleza, ikadondoka kiganjani. Aliilaza kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji ili shaba ilainike, akaiweka juu ya plau na kuanza kuigonga kwa nyundo, polepole, akiomba msamaha kila pigo. Ikatandazika, ikawa bapa. Akamwaga oili ya injini kwenye beseni, akaondoa washa iliyopasuka, akavisha bolti pete yake, na ikakaa kama iliyopimwa. Alikaza bolti, akaichuja oili kwa kipande cha chandarua kilichozeeka, akairudisha, akawasha injini na kulala chini kifudifudi, shavu ardhini, akingoja tone.

Alingoja mpaka shingo ikamuuma. Tone halikuja.

Furaha iliyompata hapo haielezeki. Alicheka peke yake chini ya trekta, akampiga Shangazi kofi la mapenzi, akaungua. Hata hivyo hakuacha kucheka.

Mkaguzi aliingia uwanjani ndani ya pikapu ya ofisi iliyokuwa inakohoa moshi mweusi. Ilitetemeka mara ya mwisho, ikazimika kabla hajaizima. Alikuwa mtu nadhifu, viatu vinang'aa, kalamu mfukoni zimepangwa kama askari. Mwenyekiti alimkimbilia kumfungulia mlango, na mlango ukabaki mkononi mwake.

"Uegemeze tu hapo," alisema Mkaguzi. "Hilo ndilo trekta? Sifa zake nimezisikia."

Alitandika katoni jeupe chini ya injini, akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Wote wakalitazama katoni. Shangazi alinguruma, akatetemeka, akatoa harufu zake zote. Katoni likabaki jeupe. Mkaguzi alichuchumaa, akatazama kwa karibu, akaonekana kama mtu aliyealikwa chakula akakuta wenyewe wamefunga mlango.

"Halivuji," alisema mwishowe.

"Halivuji, mkubwa!" alidakia Mwenyekiti. "Usimamizi tu."

Mkaguzi akatoa kalamu. Hapo, msomaji, Dereva angenyamaza. Mtu mwingine yeyote angenyamaza, angepokea karatasi yake, angekwenda zake kumlimia mama mkwe. Lakini Mkaguzi, akiwa anaandika, aliuliza tu kwa kupoteza muda, "Mliweka nini?" Na Dereva alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha mdomo haumkai. Akamwaga mtama wote. Alieleza muuza vipuri na chaki yake, akaeleza kidole na oili, akaeleza nyundo na plau, kwa mikono na kwa miguu, mpaka Mwenyekiti akacheka. Mwisho akainua kidole chake cha kijani kama ushahidi.

Mkaguzi hakucheka. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Pete," alisema.

"Pete yangu ya ndoa, mkubwa!"

"Stakabadhi yake unayo?"

"Ya ndoa?"

"Ya kipuri. Kipuri kinanunuliwa dukani, kina stakabadhi. Kisicho na stakabadhi ni kipuri bandia, na kipuri bandia tunakikamata. Kifungue."

"Mkubwa, nikikifungua si litavuja?"

"Hilo ni jambo jingine. Kwanza tumalize hili."

Dereva alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameanza kuuchunguza mlango wa pikapu kwa makini sana. Basi Dereva aliingia chini, akakinga beseni, akafungua bolti, akaitoa pete yake iliyochuruzika oili. Mkaguzi aliipokea kwa ncha za vidole, akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni, akaandika juu yake: kipuri bandia. Aliutia mfuko kwenye mkoba na kuvuta zipu.

"Rudishia bolti. Washa injini."

Dereva alikaza bolti kavu tupu, bila pete wala washa, akajaza oili, akawasha. Hawakungoja sana. Tone lilijikusanya, likanenepa, likaanguka katikati ya katoni.

"Linavuja," alisema Mkaguzi, na safari hii sauti yake ilikuwa na uhai. "Haliruhusiwi kukanyaga barabara mpaka lirekebishwe. Chukua karatasi yako."

Dereva aliipokea. Machoni aliona mlango wa nyumba yake, na ndani hakuna mtu.

Mkaguzi akapanda pikapu, akazungusha ufunguo. Pikapu ilisema kii, kii, kii. Akazungusha tena. Ikasema ki. Mara ya tatu haikusema kitu.

"Hebu nisukumeni," alisema.

Mwenyekiti alikumbuka mgongo wake. Dereva alisukuma peke yake mpaka mishipa ikamtoka, lakini pikapu haikusogea hata hatua. Mkaguzi alitazama saa, akatazama mawingu, akatazama viatu vyake.

"Nina kikao, na mkubwa wangu ananisubiri. Sikiliza, bwana Dereva. Washa hilo trekta lako, ufunge mnyororo, univute mpaka gereji ya njia panda."

"Haiwezekani, mkubwa."

"Haiwezekani vipi? Si linatembea?"

"Linatembea, lakini haliruhusiwi kukanyaga barabara." Dereva aliinua karatasi. "Imeandikwa hapa."

"Mimi ndiye niliyeiandika!"

"Ndiyo maana naiheshimu, mkubwa."

Wala hakuwa anafanya mzaha. Uso wake ulikuwa mkavu kama tofali. Ngurumo ililia mbali. Mwenyekiti alijikohoza, akasema kwamba labda, kwa hekima ya mkubwa, ingewezekana kibali kidogo cha muda.

Mkaguzi alitoa karatasi nyingine, akaandika juu ya bonneti kwa hasira. "Trekta hili linaruhusiwa kutumia barabara..."

"Na kufanya kazi," alisema Dereva. "Ongeza hapo, mkubwa. Kuvuta si kazi? Askari wakinisimamisha niseme natembea?"

"...na kufanya kazi. Leo tu!" Mkaguzi alipigia mstari maneno hayo, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi na kuugonga kama anaua mende. "Haya! Vuta!"

"Na pete yangu?"

"Kielelezo hakirudishwi. Vuta!"

Ndivyo Shangazi alivyoingia barabarani mchana kweupe, kibali kikiwa kimebanwa kwenye usukani, akidondosha oili kila hatua, nyuma akiburuta pikapu ya ofisi isiyo na mlango, na ndani yake Mkaguzi ameketi wima akijifanya anaendesha. Watu walitoka madukani. Muuza vipuri aliacha wavu wake, akaja mpaka barabarani akishika mbavu. Walipofika njia panda Dereva alifungua mnyororo, akamwambia Mkaguzi "Safari njema, mkubwa," na hakurudi uwanjani. Alikata kona, akashika njia ya shambani kwa mama mkwe.

Mama Pacha alikuwa anafua. Alisikia mngurumo, akanyanyuka na povu mikononi. Nguo aliyokuwa akiifua ikamponyoka. Pacha walimpita mbio kwenda kupanda kwenye matairi.

"Shikamoo, mama," Dereva alimwamkia mama mkwe, aliyekuwa ameketi barazani na mgongo wake.

"Marahaba, mkwe. Umekuja kweli au unapita?"

"Nimekuja kulima."

"Mh," alisema mama mkwe.

Mama Pacha alikuwa anatazama kidole. "Baba Pacha. Pete iko wapi?"

"Imekamatwa."

"Imekamatwa! Imefanya nini?"

"Imezuia oili."

Alimweleza yote, safari hii bila mikono wala miguu. Alipofika kwenye nyundo akasema nisamehe, sikuwa na kitu kingine cha shaba. Mabega ya Mama Pacha yakaanza kutikisika, na Dereva akadhani analia, kumbe anacheka, cheko ambalo hakulisikia tangu msimu uliopita. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wamesema ni bandia?" aliuliza akijifuta macho. "Jamani! Hata wao wameijua!"

"Mimi niliijua siku ya harusi," alisema mama mkwe.

Hapakuwa na muda wa kupoteza. Dereva alishusha plau, na Mama Pacha akashika kopo. Kila Shangazi alipofika mwisho wa shamba kugeuza, alisimama kidogo, naye akakinga matone, akayarudisha juu, kisha wakaendelea. Udongo uligeuka mweusi na kunukia. Mawingu yalisogea, yakasita, kama yanayosubiri mtu amalize. Jua lilipokuwa linagusa vilima, mstari wa mwisho ulikuwa umelimwa, na mama mkwe alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe kando ya shamba, anautazama udongo wake wote.

Dereva alizima injini, akashuka akipangusa jasho. Moyo wake ulikuwa mweupe. Ndipo alipowaona majirani. Walikuwa wamejipanga mpakani, wanawake na wazee wa chama, kila mmoja na jembe la mkono begani. Mashamba yao yalianzia pale pale lilipoishia la mama mkwe, yote magumu, yote makavu.

"Wala msinitazame hivyo," alisema Dereva kwa unyonge. "Kibali ni cha leo tu. Jua ndilo hilo linazama. Nikikutwa nje wanamkamata Shangazi, tumkose kabisa."

"Nani kataja jua?" aliuliza mama mkwe. "Hebu nisomee hiyo karatasi."

Mama Pacha aliichomoa kwenye usukani, akaisoma kwa sauti, mpaka muhuri.

"Jua limeandikwa hapo?"

"Hapana, mama. Imeandikwa leo tu."

"Leo inaisha saa ngapi?"

Dereva alitazama jua, akatazama karatasi.

"Kwangu mimi leo inaisha nikilala," alisema mama mkwe. "Nikiamka ndiyo kesho. Nimeishi hivyo tangu nizaliwe, na sijapata kukosea siku hata moja. Nileteeni kiti."

Kiti kililetwa mbio, na taa, na shuka la miguu. Alikaa pale mpakani, mkongojo magotini, macho barabarani. Mama Pacha alipiga magoti, akaliweka kopo chini ya bolti. Majirani walimzunguka bibi kwa vigoda na birika la chai kali. Mmoja akaanza kumsimulia ugomvi wa ndoa ya mtu, mwingine akapewa kazi ya kumfinya, na Shangazi akaingia shamba la pili, taa moja mbele na nyingine mbinguni.

Alikuwa hajamaliza hata mistari michache, Dereva akasikia kelele nyuma yake, akamsimamisha Shangazi.

"Mama! Mama, unasinzia!"

"Nani kasinzia?" ilijibu sauti ya mama mkwe, kali, ikapita juu ya mngurumo wa injini. "Mkwe! Nani kakwambia usimame? Lima!"